Udongo Ndio Uliokula Hela

Tulihamia kabla nyumba haijaisha, kama wanavyohamia wengi. Bati lipo juu, madirisha ya mbele yana vioo, ya nyuma yamezibwa kwa mabanzi, sakafu bado ni zege tupu, na plasta ya nje itapigwa Mungu akijalia. Kodi ya nyumba tuliyopanga Pasua ilikuwa imepanda mara mbili ndani ya mwaka mmoja, mume wangu akasema heri tukalale kwenye vumbi letu kuliko kwenye malumalu ya mtu. Kirikuu ikapiga safari tatu, tukawa wakazi wa Msaranga, hapa Moshi.

Na vumbi lilikuwepo kweli. Mbele ya mlango palikuwa na mabaki yote ya ujenzi wa miaka minne: vipande vya tofali, kokoto zilizochanganyika na mchanga, mifuko mitatu ya saruji iliyonyeshewa ikaganda ikawa jiwe, misumari iliyopinda, ndoo za rangi zisizo na mishikio, mbao zilizorukiwa na zege mpaka hazifai hata kuni. Ukifungua mlango saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inakutazama nyeupe peee. Ukishusha macho, unakutana na lundo. Siku ya tisa nikaona haivumiliki, nikasema hapa nitapanda maua.

"Kama una nguvu za kuchimba, panda mchicha," mume wangu akasema.

Mchicha nimepanda pia. Upo nyuma ya jiko, unaendelea vizuri, na sitauzungumzia tena.

Mimi nimekulia Uru, juu mlimani, na nyumbani kwetu mlango ulikuwa na maua kabla haujawa na kitasa. Jeraniamu kwenye makopo ya Blue Band, dalia kando ya njia, na kule kwenye unyevu wa mfereji yale maua meupe ya kala ambayo Jumamosi jioni yalikatwa kupelekwa kanisani. Mama hakuwahi kununua mche hata mmoja, na sidhani kama alijua kwamba miche inauzwa. Ulipita kwa mtu, ukasifia, ukaondoka na kitawi. Nilipompigia simu kumwambia kwamba mkwe wake anataka mchicha mbele ya nyumba, alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Nyumba isiyo na maua mbele, mtu akipita anadhani wenyewe wamehama."

Basi nikatenga shilingi 100,000 kutoka kwenye mgao wa kikoba, na nikajiapiza sitaongeza hata mia. Ninaandika mahesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo najua fika kwamba laki moja kwa maua ni pesa ya kuchezea. Vyungu vya saruji vinavyopangwa kando ya barabara, vile vikubwa vyenye nakshi, ukinunua sita laki imekwisha, na hapo ndani yake ni hewa. Kwa hiyo nikaamua kwamba chochote kitakachobeba ua kwangu kitakuwa kimeshatupwa na mtu mwingine.

Nikafanya kama wanavyofanya wote, nikaingia mtandaoni kutazama picha. Matairi yaliyopakwa rangi saba. Matairi yaliyokatwa yakawa kasuku, bata maji, hata kikombe na kisahani chake. Chupa zilizochomekwa chini kichwa. Nikaangalia kwa saa mbili na sikuona mtu hata mmoja aliyesema ndani ya tairi aliweka nini. Ndipo lilipo kosa langu la kwanza, na ndilo lililonifanya niandike haya yote.

Nilidhani udongo ni udongo.

Karibu na mlango palikuwa na sehemu iliyosawazishwa vizuri, haina kokoto, ina rangi ya kijivu-kijivu. Nikaona hapa Mungu amenirahisishia. Nikazungushia vipande vya tofali kwa kulaza pembe, meno-meno kama wanavyofanya kwenye bustani za mashuleni, nikachimba kwa shida kidogo, nikanunua miche miwili ya waridi kwa shilingi 10,000 na marigoldi za shilingi 4,000, nikapanda, nikamwagilia. Ilikuwa Februari, jua la Moshi linachoma mpaka mbwa anahama kivuli kila baada ya nusu saa. Wiki ya tatu majani machanga ya waridi yakaanza kuwa ya njano. Njano ya ajabu: jani lote limepauka, lakini mishipa yake imebaki kijani, kama mtu amechora ramani ya mito. Jirani mmoja akanishauri niongeze majivu ya jikoni. Nikaongeza. Ikazidi.

Dukani kwetu huja mzee mmoja aliyestaafu ubwana shamba, anajenga taratibu, mfuko mmoja wa saruji kwa mwezi. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Hakuuliza nimeweka mbolea gani. Aliuliza, "Hapo mwanzo palikuwa na nini?"

"Palikuwa na fundi."

"Alikuwa anakorogea hapo?"

Miaka minne. Kila toroli la saruji ya kujengea, kila zege la linta, kila maji ya kuoshea sepeto yaliishia pale. Mzee akanieleza kwamba saruji ina chokaa nyingi, na udongo ukishakuwa hivyo, madini ya chuma yanaweza kuwamo lakini mizizi haiwezi kuyachukua, ndiyo maana jani linapauka na mishipa inabaki. Na majivu nayo ni yaleyale, yanapeleka udongo upande uleule wa chokaa. Nilikuwa namponza mgonjwa kwa ugonjwa wake. "Utoe futi nzima uipeleke kwingine," akasema, "au upandie juu, usiguse hapo."

Nikajaribu kuchimba. Inchi nne tu chini sululu ikagonga kitu kikalia kama kengele: bonge la zege ukubwa wa meza ya kahawa. Tukapandia juu.

Sasa tuzungumze udongo, maana hapa ndipo pesa ilipokwenda na sijutii hata senti. Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba udongo mzuri hutupwa kila siku mjini hapa na hakuna anayeupigania. Mtu akichimba msingi, futi ya kwanza inayotoka ni udongo wa juu, mweusi, wenye mizizi ya nyasi na minyoo. Chini yake ndiyo unakuja ule mgumu wa rangi nyekundu usiozaa kitu. Mafundi huvichanganya vyote kwenye lundo moja halafu vinaitwa kifusi. Ukiwahi siku ya kwanza ya kuchimba na kuwaambia vijana watenge ule wa juu, wanakutazama kama mgonjwa, lakini wanatenga. Mtaa wa tatu kutoka kwetu palikuwa na msingi wa nyumba ya vyumba vinne. Udongo ulikuwa bure. Kirikuu ya kuubeba ilikuwa shilingi 20,000.

Samadi nililipia 40,000 pamoja na usafiri, na nilichagua zizi, sikuchagua bei. Samadi iliyooza vizuri hainuki samadi. Ukiishika inavunjika-vunjika kama keki iliyolala, nyeusi, huoni tena majani ndani yake. Ile mbichi yenye joto itachoma mizizi na itakuletea magugu ya kata nzima. Anayekuuzia atakuambia imeoza. Wewe zamisha mkono katikati ya lundo, ukihisi vuguvugu, muage kwa heshima.

Halafu nikafuata mambo ya kwetu. Moshi ni mji wa kahawa, na kahawa inapokobolewa kiwandani hubaki maganda makavu mepesi, yanaruka ukipuliza. Nikapata viroba sita kwa shilingi 1,000 kimoja. Pumba za mpunga nilizifuata kwenye mashine za kukoboa huku chini kwenye mpunga, Mabogini, zile wanazochomea matofali. Hazikuuzwa, nililipa bodaboda 3,000 tu, na dereva alilalamika njia nzima kwamba zinamwingia shingoni.

Usichanganye maganda mabichi ya kahawa ndani ya udongo kwa wingi. Nilifanya hivyo kwenye ndoo mbili, mimea ikadumaa, kwa sababu maganda yakianza kuoza yanajinyakulia naitrojeni yote kabla ua halijaonja. Yatandaze juu, unene wa vidole viwili. Yanazuia jua lisinyonye maji, yanaoza taratibu kwa chini, na mwaka ukiisha ukipekua unakuta minyoo. Pumba za mpunga ndizo za kuchanganya, kidogo, ili udongo usishikane.

Tulichanganyia juu ya turubai kuukuu, mimi na binti yangu: ndoo tatu za udongo, ndoo mbili za samadi, ndoo moja ya pumba, tunageuza kwa koleo kutoka pembeni kuja katikati kama watu wanaosonga ugali wa msiba. Kipimo changu kilikuwa mkono. Unalowanisha kidogo, unafumbata, unafumbua. Bonge likikaa kama tofali, lina mfinyanzi mwingi, ongeza pumba. Likimwagika lote kabla hujafumbua, ongeza samadi. Lile tunalolitaka linakaa kiganjani umbo la vidole vyako, halafu ukiligusa kwa kidole gumba linaachia. Tulipolipata mara ya kwanza binti yangu alipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Vyombo basi.

Matairi manne nilipewa bure gereji, matano nikanunua kwa 1,000 moja, yote vipara, kashata, yale meno ya tairi, zimekwisha kabisa. Nilidhani nitayakata kwa kisu cha jikoni. Baada ya dakika kumi kisu kilikuwa kimepinda na tairi linanicheka. Nikayafunga matatu kwenye bodaboda nikampelekea mzee anayetengeneza katambuga kando ya barabara, chini ya mti, na bango lake ni tairi lenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unataka viatu au la kunyweshea ng'ombe?"

"La maua."

Alinitazama kidogo, akalivuta tairi, akaligeuza kwa unyayo. Pembeni yake alikuwa na kopo la maji yenye povu la sabuni. Akachovya kisu, kisu chembamba kilichonolewa mpaka kimebaki nusu ya upana wake, akakizamisha ubavuni mwa tairi vidole vinne kutoka kwenye ukingo wa ndani. "Hapa pembeni," akagonga ukingo, "kuna waya. Ukiugusa, kisu kwaheri. Na huku kwenye kashata kuna waya tena. Huu ubavu ndio nyama." Halafu hakusukuma kisu. Alikishika kimetulia, akawa anazungusha tairi kwa goti na mkono wa kushoto, na kila baada ya shubiri moja anachovya tena majini. Mpira mkavu unakibana kisu. Uliolowa sabuni unateleza. Pete nzima ikatoka bila mkwaruzo, akaitundika kwenye tawi. Hiyo itakuwa mikanda ya viatu, akasema, kwa hiyo hata kwangu kuna kilichobaki kwake. Nikamlipa 2,000 kwa kila moja ya yale matatu aliyokata, mengine nikayakata mwenyewe. La kwanza lilinichukua saa nzima na kovu ninalo.

Kata pande zote mbili. Hili nalo halipo kwenye zile picha. Tairi likilazwa na ubavu wake wa chini ukiwa mzima, ule mkunjo wa ndani unakuwa bakuli, maji yanakaa humo, mizizi inaoza na wewe juu unaona udongo mkavu unazidi kumwagilia. Na matairi yanayosubiri kujazwa yasikae wazi mvua ikinyesha. Mbu wa dengi anapenda maji machache, masafi, yaliyotulia kivulini, na ndani ya tairi anayapata yote. Wiki moja hadi siku kumi inamtosha kutoka yai kuwa mbu, na mayai yake yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri mvua. Mwaka 2019 ndugu zetu wengi wa Dar es Salaam walilala kitandani kwa dengi. Yangu niliyarundika chini ya turubai, kwa sababu mzee jirani yangu alishakuja mara moja kuuliza kama nafungua gereji.

Kuhusu rangi nina msimamo na najua wengine hawataupenda. Tairi lililopakwa nyekundu, njano na bluu linashindana na ua, na linashinda. Halafu rangi ya mafuta mwaka mmoja inabanduka, unabaki na tairi lenye ukoma. Lakini nyeusi nayo ina ubaya wake: Januari na Februari mpira unashika moto, na mizizi iliyokaribu na ukingo inapikwa hai. Niliweka mkono saa nane mchana nikautoa haraka. Kwa hiyo nikachukua chokaa iliyobaki ya dari, nikaikoroga nzito na chumvi kidogo ili ishike, nikapaka nje tu, mkono mmoja. Mvua kubwa ikinyesha inafifia, napaka tena. Nyeupe iliyochakaa na majani ya kijani ni kitu ambacho macho yanapumzika.

Sinki nilipata kwenye hoteli ndogo ya mjini iliyokuwa inabadilisha vyoo. Lina ufa kuanzia tundu la bomba mpaka ukingoni, na hilo halinisumbui kwa kuwa nataka maji yatoke. Waliniambia nichague kati ya sinki na bakuli la choo. Nimeona watu wanapanda maua kwenye bakuli la choo. Mimi nimeolewa.

Buti ndizo zinazopigwa picha zaidi. Kijana wa nyumba ya nyuma ni mgumu, anabeba mizigo ya watalii mlimani, na mtaa mzima unajua buti zake zimekufa lini kwa sababu anazitupa juu ya ukuta kwa hasira. Nikaziokota jozi tatu. Soli zilikuwa zimeshatoboka zenyewe, sikuhitaji hata msumari. Nikajaza udongo wenye pumba nyingi, nikapanda yale maua madogo mnene-mnene ambayo mama huyaita ya saa nne, kwa kuwa hayafumbuki mpaka jua limepanda. Hayataki maji mengi, yanapenda kubanwa. Kijana alipoziona zimepangwa kwenye ngazi, moja ina maua ya pinki yanatoka kwenye kifundo, alisimama akasema, "Mama Glory, hiyo ya kushoto imefika kileleni mara kumi na moja." Sasa kila mgeni namwambia hivyo, na simu zinatoka mifukoni.

Kilichoshindikana: mabanzi. Nilitengeneza sanduku zuri la mabanzi chini ya dirisha, mchwa wakaingia. Nikashauriwa oili chafu, nikapaka kwa nje na kidogo kwa ndani, mvua ya kwanza ikaishusha kwenye udongo na zinia zote zikalala kama zimepigwa. Mchwa walirudi. Zinia hazikurudi. Sasa pale pana mawe meusi ya mlima, ambayo Msaranga ukichimba popote unayapata na hakuna mdudu anayeyala.

Miche sikununua tena baada ya zile waridi. Nilirudi kwenye njia ya mama, njia ya kusifia. Ni kazi yenye adabu zake. Hupiti kwa mtu mikono mitupu na mkasi mfukoni. Unasalimia, unauliza watoto, unasifia ua kwa jina lake ukilijua, halafu unasema lile lako lilikufa. Lazima liwe lilikufa. Hakuna mwanamke wa Kilimanjaro atakayesikia kwamba ua lako lilikufa akakuacha uondoke bila kitawi.

Bogonvilia nilichukua matawi yaliyokomaa, unene wa penseli, urefu wa kama inchi nane, nikaondoa majani, nikazamisha vifundo viwili kwenye mchanga na pumba, nikaweka kivulini. Kati ya kumi na mawili yalishika matano, na ilichukua karibu miezi miwili kabla sijaona chipukizi la kuaminika. Usilivute kuangalia kama lina mizizi. Niliua mawili kwa udadisi. Jeraniamu ni kinyume: ukishalikata, liache likauke kidonda siku nzima, ukilipanda palepale linaoza. Vitalu vyangu vilikuwa pakiti za maziwa za nusu lita, zimetobolewa kwa msumari wa moto. Mtaa wetu ulikuwa unanihifadhia, hata mwenye mgahawa.

Vinka sikuomba kwa mtu. Liliota lenyewe kwenye ufa wa ngazi za ofisi fulani, nikaling'oa na mizizi yake wakati wa chakula cha mchana. Ua hili asili yake ni Madagaska, na ndilo lililotoa dawa ya vinkristini ambayo hospitali hutibia watoto wenye saratani ya damu, ingawa lenyewe ukilitafuna ni sumu. Hata mbuzi wa jirani hawaligusi. Ukiwa na jua kali, maji ya mgao na mbuzi wa watu wanaozurura, anza na hilo.

Mambo mengi nilipanda mwishoni mwa Machi, masika yalipoanza kuonyesha dalili, na kuanzia hapo mpaka Mei sikumwaga maji hata kopo. Nimesikitika kwa wanaopanda Januari kwa sababu ndiyo mwezi wa maazimio. Mche unataka kushika mizizi wakati mbingu inalipa ankara ya maji. Kiangazi natumia maji ya kuoshea mchele na mboga, kwa dumu la lita tano lililotobolewa mfuniko kwa sindano. Yale ya sabuni ya unga nayaacha yaende zake.

Mwezi wa Aprili ndipo mzee jirani alipokuja mara ya pili, safari hii bila utani. Tairi langu la mwisho upande wa mashariki, alisema, limefunika bikoni yake, lile jiwe la mpaka wa kiwanja. Nikamjibu kwamba si kweli. Nikamjibu kwa sauti ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kumjibia mtu wa umri wake, mbele ya mke wake. Siku kumi hatukusalimiana, na anayejua mtaa anajua siku kumi ni ndefu kiasi gani wakati mnachota maji bomba moja.

Mama alishuka kutoka Uru Jumapili baada ya misa, na furushi la masale limefungwa kwa jani la mgomba. Kwa asiyekuwa wa huku: isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, ndio unaopandwa mipakani mwa vihamba, yaani mashamba ya ukoo, tangu mababu, na ndio mtu anaoushika mkononi anapokwenda kuomba radhi. Ukiletewa isale, humfukuzi aliyelileta. Mama hakuingia hata ndani kunywa maji. Akachomoa moja, akanishika mkono kama mtoto wa darasa la pili, tukaenda kwa mzee. Mazungumzo yalikuwa ya Kichaga na mafupi, na jina langu lilitajwa mara chache kuliko nilivyoogopa.

Kisha wakaenda wote wawili kwenye mpaka, wakapekua chini ya maganda ya kahawa. Bikoni ilikuwepo. Tairi lilikuwa limeipita kwa futi moja na nusu.

Tulilisogeza siku ileile, likiwa limejaa, watu wanne na nguzo ya mti. Mama akapanda masale mstari mzima kwa kuyachomeka tu ardhini, hayahitaji sherehe, na yote yameshika. Mzee akaomba apewe jeraniamu. Nikampa mbili.

Hesabu ya mwisho, kwa wanaopenda hesabu kama mimi: udongo, samadi, maganda na bodaboda ya pumba, 69,000. Matairi na ukataji, 11,000. Zile waridi na marigoldi zilizozikwa kwenye saruji, 14,000. Soda na maandazi ya vijana walioshusha mizigo na waliosogeza tairi, 6,000. Sinki, buti, mawe, chokaa, ndoo na miche yote iliyobaki, sifuri. Mume wangu alipoiona hiyo karatasi alisema, "Kwa hiyo umenunua udongo." Nikamwambia ndiyo. Yeye ndiye anayemwagilia siku hizi akitoka kazini, ila watu wasijue.

Fundi wa plasta anaanza Jumatatu. Jana alikuja kuangalia kazi, akazunguka nyumba, akasimama mbele ya mlango akakanyaga-kanyaga ardhi kati ya tairi la pili na la tatu.

"Hapa pamekaa vizuri, mama. Nitakorogea hapa."

Nikachukua majivu jikoni nikamchorea mstari barabarani, nje kabisa ya geti.

"Huko mbali, mama. Toroli likitoka huko, saruji yako nyingi itamwagika njiani."

"Imwagike."

"Kwenye hizo bustani zako itapita."

Nikaenda kuchukua turubai.